Mgiriki Aliyesingiziwa Sherehe

Kuna mzee mmoja wa Ugiriki amesingiziwa kwa zaidi ya miaka 2,200. Anaitwa Epicurus. Kosa lake ni kusema kwamba raha ndiyo jambo jema kuliko yote maishani. Basi. Tangu siku hiyo dunia ikaamua alikuwa anaongelea pombe, nyama choma na kulala na watu ovyo. Ukimtaja kwa msee aliyesoma kidogo atakwambia, "Ah, yule wa kula bata?"

Zii. Yule mzee alikuwa anakula mkate na kunywa maji. Akitaka kujibamba kabisa, anamwandikia rafiki yake amtumie kijungu cha jibini, ndiyo siku akiamua kufanya karamu awe na kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe yake. Jibini.

Leo nataka tumsafishe jina. Halafu tukimaliza kumsafisha tumkosoe pia, kwa sababu kuna mahali naona hakufika, na mahali hapo panatuhusu sisi wa Nairobi moja kwa moja.

Niseme mapema: mimi si profesa. Chuo niliacha mwaka wa pili, sasa naishi kwa kutengeneza video. Falsafa naisomea kwa simu, mara nyingi ndani ya mat iliyokwama Ngong Road kati ya Prestige na Adams Arcade. Foleni ya hapo inakumalizia sura mbili bila shida. Kwa hivyo maneno makubwa usitarajie.

Mtoto wa mwalimu

Kama ulilelewa kanisani, jina la hawa watu umeshalipita bila kujua. Fungua Biblia ya Kiswahili, Matendo ya Mitume sura ya 17. Paulo amefika Athens, anabishana na watu sokoni, na kuna makundi mawili ya wanafalsafa yanatajwa: Waepikureo na Wastoiko. Wastoiko siku hizi wana mashabiki kibao mtandaoni, hasa wale majamaa wa kuamka saa kumi alfajiri na kuoga maji baridi. Waepikureo wamebaki na sifa mbaya tu. Katika shairi la Dante la karne ya 14, Epicurus yuko jehanamu, ndani ya kaburi la moto.

Huyu mtu alizaliwa mwaka 341 KK, kisiwa cha Samos. Baba yake, Neocles, alikuwa mwalimu wa watoto. Lakini kuna kitu hapo watu hukiruka: Samos haikuwa kwao. Athens iliteka kile kisiwa mwaka 365 KK, ikafukuza wenyeji, ikagawia raia wake mashamba. Yaani baba yake Epicurus alikuwa setla. Neno hilo Mkenya halihitaji kufafanuliwa.

Kisha Alexander the Great akafa mwaka 323 KK na mambo yakapinduka. Wenyeji wa Samos wakarudi kwenye ardhi yao, masetla wakafurushwa, na familia ya Epicurus ikavuka kwenda Colophon, upande wa Uturuki ya leo. Yeye alikuwa kijana wa miaka 19 hivi. Familia haina shamba, na dunia yote aliyoijua inagombaniwa na majenerali wa marehemu. Weka hiyo picha akilini. Tunayemsikiliza akituambia turidhike na kidogo ni mtu aliyeona nyumbani kwao kukiisha.

Alifundisha Mytilene, akafundisha Lampsacus, akapata marafiki wa kufa kuzikana. Karibu mwaka 306 KK akahamia Athens akanunua bustani kwa mina 80. Mina 1 ilikuwa drakma 100. Piga hesabu: drakma 8,000. Haikuwa bei ya kitoto. Shule yenyewe ilisukumwa na michango ya marafiki, kama chama cha mtaani. Ikaitwa tu Bustani.

Na pale Bustani waliingia watu ambao shule zingine za mji zilikuwa haziwahesabu. Wanawake waliingia, mmoja anaitwa Leontion, akaandika hata kitabu cha kumpinga mwanafalsafa mkubwa wa wakati huo. Watumwa waliingia. Mtumwa wa Epicurus mwenyewe, Mys, alikuwa anafanya falsafa pamoja na wengine.

Sasa fikiria majirani. Wanaume, wanawake na watumwa wamejifungia ndani ya bustani moja, na mwenye nyumba anasema raha ndiyo kila kitu. Unafikiri maneno yalikawia? Halafu kukatokea mwanafunzi mmoja, Timocrates, akatoka kwenye grupu kwa hasira akaanza kumwaga mtama: eti mzee anatapika mara mbili kwa siku kwa sababu ya kula kupita kiasi. Hiyo ndiyo ilivuma. Skendo hukimbia, maelezo hutembea, na miaka 2,300 haijabadilisha hilo.

Raha aliyoimaanisha

Hii ndiyo sehemu ya kusoma polepole.

Epicurus alianza na jambo rahisi: angalia mtoto mchanga. Hajafundishwa chochote, lakini anakimbilia raha na kukimbia maumivu. Kwa hivyo raha ndiyo dira tuliyozaliwa nayo. Mpaka hapo anasikika kama mtu wa klabu.

Lakini sasa akauliza, raha ni kitu gani? Jibu lake: raha ikifika kileleni ni pale mwili hauumwi na roho haihangaiki. Utulivu wa roho Wagiriki waliuita ataraksia. Ukiwa na njaa kali halafu ukala githeri ukashiba, ile hali ya kushiba, ya kutotafuta tena, ndiyo kilele. Ukiongeza kuku, keki na soda hupandi juu zaidi. Unabadilisha ladha tu. Kikombe kimeshajaa, kinachoongezwa kinamwagika.

Ukiielewa hiyo, utaelewa kwa nini aligawa tamaa za binadamu mafungu matatu. Nitatumia mtaa wetu kueleza.

Fungu la kwanza ni tamaa za asili na za lazima: chakula, maji, nguo, mahali pa kulala, usalama, marafiki. Hizi zina mwisho. Tumbo lina ukubwa wake. Toka stage ya Adams, ingia Toi Market, utapata viatu vya mitumba na chapo madondo, na mguu na tumbo vitanyamaza.

Fungu la pili ni za asili lakini si za lazima. Chakula kilekile, ila kwenye mkahawa wa taa za manjano ambako chai moja ni bei ya chakula cha familia. Si dhambi. Ikitokea, furahia. Ila usiwe mtumwa wake kiasi kwamba siku ikikosekana unaona maisha yameisha.

Fungu la tatu si za asili wala si za lazima: umaarufu, mamlaka, utajiri usio na kikomo, kutaka kila mtu akuone umeomoka. Hizi alizikataa kabisa, na sababu yake haikuwa maadili ya kanisani. Ilikuwa hesabu. Njaa ina shibe, lakini umaarufu hauna. Hakuna idadi ya wafuasi ambayo ukiifikia mwili utakuambia "asante, nimetosheka." Ukiwa na elfu kumi unataka laki. Ukipata laki, kuna mwenye milioni anakukosesha usingizi. Ni ndoo isiyo na kitako.

Kwa hivyo swali lake lilikuwa moja tu kwa kila tamaa: nikiipata hii, nini kitafuata? Na nisipoipata? Kuna raha unailipia Jumamosi usiku, na kuna raha unailipia miezi sita kwa mikopo ya simu. Kuna uchungu pia unaouchagua, kama kwenda kung'olewa jino, kwa sababu ukitoka unalala vizuri. Mpenda raha wa kweli, kwa Epicurus, ni mhasibu.

Dawa nne

Wafuasi wake baadaye walifupisha mafundisho yote yakawa dawa ya viungo vinne. Mungu si wa kuogopwa. Kifo si cha kuhangaikia. Kizuri ni rahisi kupata. Kibaya kinavumilika.

Viungo viwili vya kwanza ndivyo vilivyomletea maadui. Epicurus hakusema miungu haipo. Alisema ipo, lakini ina furaha kamili, na mwenye furaha kamili hana haja ya kukurushia radi kwa sababu umekosea. Dunia, alisema, imejengwa na chembe ndogo zisizogawanyika zinazotembea kwenye utupu. Wazo hilo la atomu alilirithi kutoka kwa Democritus. Mvua, tetemeko na kupatwa kwa mwezi vina sababu za kimaumbile, kwa hivyo usitishwe na mtu anayejidai anajua hasira za mbinguni. Najua wengi wenu mna imani zenu na sijaja kuzigusa. Lakini kila mtu Nairobi anajua jinsi hofu ya laana inavyoweza kumtoa mtu doh yake yote mfukoni. Mzee alikuwa anapigana na biashara hiyo.

Kuhusu kifo, hoja yake ni fupi: ukiwepo, kifo hakipo, na kikifika, wewe haupo. Hamkutani. Binafsi hoja hiyo hainimalizi, kwa sababu msiba unaouma zaidi ni wa mtu wako, na hapo wewe upo kabisa. Lakini kwa hofu ya kufa wewe mwenyewe, sijasoma dawa nyingine inayofanya kazi haraka hivyo.

Aliandika sana, vitabu karibu 300, na karibu vyote vimepotea. Zilibaki barua tatu na orodha ya misemo, kwa sababu mwandishi mmoja wa baadaye, Diogenes Laertius, alizinakili ndani ya kitabu chake. Vingine viliungua vikawa makaa pale Herculaneum mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79 BK, na hadi leo wanasayansi wanajaribu kuvisoma. Inadhaniwa vilikuwa vya maktaba ya mfuasi mmoja anayeitwa Philodemus.

Binamu yake alikuwa Mwafrika

Kama bado unataka falsafa ya kula bata, ipo, na ilianzia bara letu. Aristippus alitoka Cyrene, mji wa Wagiriki uliokuwa Libya ya leo, karibu karne moja kabla ya Epicurus. Yeye na wafuasi wake walisema raha ni ile ya sasa hivi, ya mwili, inayotembea. Jana imekwisha, kesho si yako. Binti yake, Arete, alirithi mafundisho akamfundisha mwanawe, mpaka kijana akabandikwa jina la "aliyefundishwa na mama."

Sasa ona ilivyoishia. Karibu mwaka 300 KK, mfuasi mmoja wa shule hiyo, Hegesias, alipiga hesabu ya raha za sasa hivi dhidi ya maumivu, akaona maumivu yanashinda kila mara. Akaanza kufundisha kwamba maisha hayana faida. Akapewa jina la "mshawishi wa kifo," na inasimuliwa kwamba mfalme Ptolemy alimpiga marufuku kufundisha Alexandria, kwa sababu wasikilizaji walikuwa wanajiua. Shule iliyoanza na raha ya usiku wa leo ikafika hapo kwa vizazi vichache.

Epicurus alikuwa anawajibu watu hawa. Ndiyo maana alikazana kwamba raha kubwa ni utulivu, kwa sababu huo unaweza kukaa nao.

Ngong Road iliwahi kuona wapenda raha

Hatuhitaji kwenda Alexandria. Barabara hii inayopita Adams ina ushahidi wake.

Miaka ya 1920 kulikuwa na kundi la wazungu matajiri waliokuja Kenya wakakaa bonde la Wanjohi, chini ya milima ya Nyandarua. Waliitwa watu wa Happy Valley. Bonde la Furaha. Idina Sackville, aliyeolewa mara tano, alikuwa malkia wa karamu zao. Pombe, morfini, kokeini, kubadilishana waume na wake. Huko Uingereza ikawa utani: umeoa, au unaishi Kenya?

Mume wa tatu wa Idina alikuwa Josslyn Hay, Earl wa Erroll, wakati huo wameshaachana. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Januari 1941, Erroll alimpeleka Diana, mke wa Sir Jock Delves Broughton, nyumbani kwao Karen. Diana alikuwa mpenzi wake, na mjini kila mtu alijua. Alfajiri gari lake la Buick lilikutwa limetoka barabarani karibu na makutano ya barabara za Karen na Ngong, yeye ndani na risasi kichwani. Waliolikuta ni wafanyakazi Waafrika waliokuwa wanapeleka maziwa.

Broughton alishtakiwa, akaachiliwa Julai 1941. Desemba 1942 akafa Liverpool kwa kujizidishia morfini. Alice de Janzé, mwingine wa kundi, aliyewahi kumpiga risasi mpenzi wake kwenye stesheni ya treni Paris mwaka 1927, alijipiga risasi Septemba 1941. Nani alimuua Erroll? Mpaka leo hakuna aliyewahi kuhukumiwa.

Epicurus angesoma hiyo stori bila kushtuka. Hakuna usiku hata mmoja wa Happy Valley uliowahi kuwashibisha. Kila karamu ilidai karamu kubwa kuliko ya jana. Watu walikuwa na kila raha ya mwili, na utulivu wa roho hata kijiko kimoja hawakuwa nao.

Lakini mimi nataka nirudi kwa wale wa maziwa. Kwa sababu kuna kitu Epicurus hakukitazama vizuri. Raha ya Bonde la Furaha ilikuwa juu ya ardhi iliyochukuliwa, ikapikiwa, ikafuliwa na kukamuliwa maziwa na watu waliotembea na kipande kikining'inia shingoni. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915, na baada ya vita kila mwanaume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 akalazimika kuwa nacho. Huwezi kuhesabu raha ya watu wale bila kuhesabu alfajiri ya wale wengine.

Na Bustani ya Athens je? Nimesema watumwa waliingia. Ni kweli, na kwa zama zile lilikuwa jambo kubwa. Lakini waliingia wakiwa bado watumwa. Epicurus alimwachia huru Mys na wengine watatu kwenye wasia wake. Wasia! Yaani uhuru wao ulisubiri yeye afe. Mtu aliyefundisha kwamba tunahitaji vitu vichache tu, alihitaji kumiliki watu hadi pumzi ya mwisho. Nampenda yule mzee, lakini hapo simtetei.

Mkate ulipopandishwa ushuru

Kuna fundisho lake jingine ambalo limenisumbua zaidi: ishi bila kuonekana. Achana na siasa. Siasa inaleta maadui, wasiwasi na usiku bila usingizi. Kaa bustanini na marafiki.

Kwangu mimi hilo lina utani wake, kwa sababu kazi yangu yote ni kuonekana. Nisipoonekana kodi ya nyumba hailipwi. Lakini kuna sehemu nzito zaidi.

Epicurus alisema mkate na maji vinatosha kumpa mwenye njaa raha ya juu kabisa. Sawa. Sasa, mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza ushuru wa VAT wa 16% kwenye mkate. Mkate wa kawaida, si keki. Kwenye mkate wa shilingi 65 hiyo ni shilingi 10 na senti 40. Kile kitu ambacho mzee alisema ni rahisi kupata, kilikuwa kimewekwa kwenye mswada.

Vijana wakatoka. Tarehe 18 Juni 2024, siku maandamano yalipoanza Nairobi, ushuru wa mkate ukaondolewa kwenye mswada. Tarehe 25 mswada ukapita, waandamanaji wakaingia Bunge, na vijana wakauawa kwa risasi. Tarehe 26 rais akatangaza hatausaini.

Ukiwa Mwepikureo wa kukariri utasema wale vijana wangekaa nyumbani. Nimeliwaza hili sana, na nadhani mzee mwenyewe alituachia mlango. Kwanza, alisema haki ni mapatano: tusiumizane, tusiumizwe. Mapatano yakivunjwa na upande mmoja, ile bustani haina ukuta tena. Pili, waliotoka hawakuwa wanadai fungu la tatu, ufalme na umaarufu. Walikuwa wanalinda fungu la kwanza: mkate, usalama, mwili. Tatu, kuna mstari wa mafundisho yake ambao wapenda utulivu huusahau: kwamba mtu mwenye hekima, ikibidi, atakufa kwa ajili ya rafiki yake.

Kwa hivyo naona hivi. "Achana na siasa" ni ushauri mzuri kwa anayetaka cheo. Kwa anayetaka mkate si ushauri, ni kumwachia mwizi funguo. Bustani inahitaji ukuta, na ukuta haujijengi wenyewe.

Na kuhusu kuonekana, jibu nililipata kwa mfuasi mmoja wa karne ya 2 BK, Diogenes wa mji wa Oenoanda, kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo. Alikuwa mzee, mgonjwa, na ana pesa. Badala ya kujijengea sanamu, alichonga mafundisho ya Epicurus kwenye ukuta wa hadharani, maneno yanayokadiriwa kufika 25,000, ili kila mpita njia asome, hadi wageni. Aliona watu wengi wanaugua hofu zilezile wanazoambukizana, akaamua kubandika dawa mahali wote watapita. Vipande vya ukuta huo bado vinachimbuliwa. Hiyo ni kuposti kabla ya intaneti. Tofauti ni moja: hakujitangaza yeye, alitangaza dawa. Hapo ndipo napimia kazi yangu siku hizi, na kuna video nyingi hazipiti huo mtihani.

Tarehe 20

Epicurus alikufa mwaka 270 KK, miaka 72, kwa mawe kwenye njia ya mkojo. Waliowahi kuugua hayo mawe watakwambia ni maumivu ya aina gani. Siku yake ya mwisho alimwandikia rafiki yake Idomeneus kwamba maumivu hayawezi kuzidi, lakini anayapinga kwa furaha ya kukumbuka mazungumzo yao. Kisha akaomba watoto wa rafiki yao aliyetangulia watunzwe. Hakutaja alichokula wala alichomiliki. Alitaja stori walizopiga.

Kwenye wasia wake kulikuwa na agizo moja zaidi: marafiki waendelee kukutana kila mwezi, tarehe 20, kama walivyozoea. Waliendelea kwa vizazi, hadi wapinzani wakawa wanawacheka kwa jina la "watu wa tarehe 20."

Basi pendekezo langu ni hilo, na halina gharama. Tarehe 20 mwezi huu, mwite mtu ambaye mkikaa naye huangalii simu. Nunueni mkate mmoja. Chai ya maziwa kama ipo, maji kama haipo. Ongeeni mpaka giza liingie. Mmoja wenu ataanza kulalamika kuhusu bei ya ule mkate. Msimnyamazishe. Hiyo nayo ni falsafa.